Cairo baada ya Isha: michezo ya jukwaani inayofaa familia

Familia ya Kiislamu inayozuru Cairo haipati taabu kujua pa kwenda mchana. Uko msikiti wa al-Azhar, iko ngome ya Salahuddin, liko soko la Khan al-Khalili, na ng'ambo ya mto Nile yako mapiramidi ya Giza. Taabu huanza usiku. Baada ya swala ya Isha wageni wengi hurejea hotelini, kila mmoja akainamia simu yake. Au hupanda mashua za chakula cha usiku, ambazo aghalabu huwa na wanenguaji ambao mzazi hapendi mwanawe awatazame. Tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu njia ya tatu: kutazama michezo ya kuigiza ambayo mji huo umeizaa wenyewe.

Wapo wanaodhani kuwa jukwaa ni jambo tulioletewa na Wazungu. Ni kweli kwamba jumba la opera la Cairo lilipofunguliwa mwaka 1869, mchezo wa kwanza ulikuwa Rigoletto wa Mtaliano Verdi. Lakini karne sita kabla yake, mji huo ulikuwa na Ibn Daniyal, aliyezaliwa Mosul mwaka 1248 na kuhamia Misri ujanani. Alikuwa tabibu wa macho mwenye duka karibu na lango la Bab al-Futuh. Huyo ndiye aliyetunga michezo mitatu ya vivuli ambayo maandishi yake yamehifadhiwa hadi leo. Hatusemi kwamba kila alichokiandika kinafaa kusomwa mbele ya watoto, kwani dhihaka zake nyingine ni nzito. Tunachosema ni kwamba sanaa hii ilikuwako ndani ya mji wa Kiislamu, jirani na misikiti na madrasa zake, kabla Ulaya haijamjua Shakespeare.

Ukiingia kwa lango hilo la Bab al-Futuh na kuifuata barabara ya al-Muizz, baada ya mwendo mfupi utakuta kichochoro cha Darb al-Asfar. Humo imo Bayt al-Suhaymi, nyumba iliyojengwa mwaka 1648, yenye ua mpana na madirisha ya mbao zilizotobolewa kwa ufundi. Kwa miaka mingi kundi liitwalo Wamda limekuwa likionyesha hapo michezo ya vivuli na ya Aragoz jioni za Ijumaa.

Aragoz ni mwanasesere wa mkononi mwenye kofia ndefu, mjanja na mwingi wa maneno. Sikio la Mswahili halitakosa kusikia neno letu "kikaragosi" katika jina lake. Mchezaji hujificha nyuma ya kiambaza, na nje husimama msaidizi anayejibizana na mwanasesere na kuwavuta watazamaji waingie katika mazungumzo. Sauti yake kali hutokana na kifaa kidogo kinachowekwa mdomoni. Wachezaji hukiita "amana", kwa neno lile lile tulitumialo sisi.

Tulipoketi uani humo na watoto wetu, wao ndio waliotangulia kucheka. Sisi tuliosoma Kiarabu chuoni kwa miaka mingi tulikuwa tungali tukipambanua lahaja ya Kimisri, ilhali wao walikwisha kuelewa kwamba mwenye fimbo ametapeliwa.

Nyuma ya kicheko hicho pana huzuni. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliiandika Aragoz katika orodha ya turathi zinazohitaji kunusuriwa kwa haraka. Mafundi wake wamezeeka, waliotaka kuirithi walikuwa wachache, na burudani za kisasa zimewachukua watazamaji. Sanaa iliyopita karne nyingi ikakaribia kufa kwa sababu wazazi waliacha kuwapeleka watoto wao.

Kwa anayetaka mchezo wenye nyimbo, eneo la Ataba lina jumba la vikaragosi lililo maarufu kwa "al-Layla al-Kabira", yaani Usiku Mkuu, mchezo wa mwaka 1960. Maneno ni ya mshairi Salah Jahin. Sauti zilitungwa na Sayed Mekawy, msanii kipofu ambaye ujanani mwake alikuwa msomaji wa Qur'ani. Mchezo unasimulia usiku wa kilele cha maulidi: wachuuzi, wageni kutoka vijijini, na mama aliyepotelewa na mtoto katika msongamano. Mtu wa pwani yetu hahitaji kufasiriwa usiku wa namna hiyo.

Tunafahamu kwamba wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu ala za muziki, na kila familia itafuata ilichofundishwa na masheikh wake. Tukumbuke pia kwamba katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alimsitiri Bi Aisha (r.a.) alipokuwa akiwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini. Kutazama mchezo wa halali kwa adabu si jambo geni katika dini yetu.

Kwa hiyo, ukifika mji wa ugeni, muulize mwenyeji maswali matatu kabla ya kukata tiketi. Je, mchezo huu umetungwa hapa, au ni nakala ya kilichochezwa kwingine? Je, yeye angempeleka binti yake? Na je, unaanza na kumalizika saa ngapi, ili swala isipotee? Ratiba hubadilika, basi thibitisha siku ile ile.

Tukirejea nyumbani tujiulize swali la nne. Bibi anaposema "Paukwa!", ni watoto wangapi mtaani kwetu watakaojibu "Pakawa!"? Madrasa zetu zina maigizo ya watoto siku za mahafali, na viti vya mbele hujaa wageni rasmi huku akina baba wakiwa nje na simu zao. Cairo ilisubiri hadi sanaa yake ikaandikwa miongoni mwa zinazozama. Sisi tuna nafasi ya kuingia ndani, kuketi na kuwasikiliza watoto wetu. Hiyo nayo ni amana.