Waya mmoja, kengele mbili

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu hivi. Walioniandikia kuuliza kama nimeacha kublogi, nawaomba radhi. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini jioni zangu zote za siku hizi zimeishia kwenye kiboksi kimoja cha plastiki kilichoko Kayole, kwa kinyozi wangu. Kiboksi hicho nusura kimchomee kibanda, na kosa ni langu, kwa hivyo wacha niseme yote.

Kibanda ni cha mabati. Mbele kuna viti viwili na vioo, nyuma kuna pazia, na nyuma ya pazia mtoto wake mdogo hulala mchana. Stima ikipotea, mteja hubaki na kichwa nusu. Ndipo nikamtengenezea akiba: betri ya asidi ya volti 12, inverta ndogo, na ESP32 ya kulinda zamu. Vipuri nilichukua Luthuli Avenue kama kila mtu.

Niliweka chipu mbili. Ya kwanza ni LM75, inayopima joto, nikaibana ubavuni mwa betri. Ya pili ni INA226, inayopima mkondo unaotoka kwenye betri kuelekea inverta. Wengi hutumia INA219 kwa sababu ni maarufu, lakini hiyo haina pini ya tahadhari, na mimi nilitaka pini. Sikutaka programu yangu iwe inauliza "kuna moto? kuna moto?" kila mara huku ikihangaika na Wi-Fi. Unaipa chipu kikomo, halafu chipu yenyewe ndiyo inakuita.

Hesabu ya kikomo ni rahisi. Ubao wa INA226 nilioupata ulikuja na rezista ya ohm 0.1, ambayo inaishia kupima ampea 0.8 tu, kwa hivyo niliibandua nikalehemu ya ohm 0.01. Sasa ampea 6 zinatoa milivolti 60. Chipu huhesabu kwa hatua za maikrovolti 2.5, kwa hiyo kwenye rejista ya kikomo nikaandika 24,000. Zikipita hapo, relei ikate inverta. Kwa LM75 niliweka nyuzi 45 za kuita na 40 za kunyamaza, feni iwake katikati hapo. (Usiposema chochote, LM75 huanza na 80 na 75. Betri yako itakuwa imeshapikwa.)

Pini za tahadhari za chipu hizi haziwezi kuinua waya. Zinaweza tu kuuvuta chini hadi sifuri. Wa kuuinua ni rezista, mimi nilitumia ya kilo-ohm 10 kwenda kwenye volti 3.3. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuunganisha pini kadhaa kwenye waya mmoja, na yeyote kati yao akiwa na neno anauvuta. Vitabu vyote vinasema hivyo na ni kweli. Nikaunganisha mbili, nikajiona nimeokoa pini moja ya ESP32. Kuokoa pini! Ilikuwa na pini tele ambazo hata leo hazina kazi.

Programu ilisubiri waya ushuke. Ukishuka, inasoma chipu zote mbili kujua nani ameita, inafanya linalofaa, kisha inarudi kusubiri ushuke tena. Nilijaribu mezani: nikapasha joto, ikaita. Nikazidisha mzigo, ikaita. Nikampelekea.

Miezi ya baridi ilipita salama. Halafu ikaja Februari. Alasiri moja simu ikalia.

"Fundi, hii kitu yako inanuka."

"Inanuka aje?"

"Kama plastiki. Nimeing'oa."

Nilipofika, rezista ilikuwa imegeuza ubao kahawia na waya wa inverta ulikuwa laini kama chingamu. Stima ilikuwa imepotea mechi ikiendelea, na yeye akachomeka televisheni pamoja na woofer. Nilipopima mzigo huo baadaye kwa mita, ulikuwa kama ampea 10. Fyuzi ilikuwepo, lakini ya ampea 15, kwa sababu ndiyo niliyoikuta dukani siku ile. Mtoto alikuwa amelala nyuma ya pazia. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mbona INA226 haikuita? Nilikaa usiku mbili na swali hilo. Chipu nzima, programu ile ile, ukiongeza mzigo inaita vizuri. Usiku wa tatu niliacha kikombe cha chai ya moto kando ya LM75 bila kukusudia, nikaongeza mzigo, kimya. Hapo nikaweka kikombe chini nikacheka peke yangu, kicheko kibaya.

LM75 ikiwa kwenye modi ya kulinganisha, ambayo ndiyo inaamka nayo, huushikilia waya chini hadi joto lishuke chini ya kile kikomo cha pili. Chini ya mabati ya Februari, kiboksi hupita nyuzi 45 saa nane na hakirudi 40 hadi jioni. Mchana kutwa waya uko chini. INA226 ikaja kuuvuta waya ambao tayari umevutwa. Iliita kweli, lakini programu ilikuwa inasubiri kushuka, na kilicho chini hakishuki.

Ningeweza kuiweka LM75 kwenye modi ya intarapti, ambapo ukiisoma inaachia waya. Lakini nimechoka na ujanja. Kila chipu sasa ina waya wake na rezista yake. Programu haitazami kushuka tena, inatazama kama waya uko chini, na ikiamka hailali hadi isome zote. INA226 nimeiwekea kushikilia tahadhari hadi rejista yake isomwe, isije ikaita kwa kufumba na kufumbua ikanyamaza. Fyuzi ni ya 7.5, imekaa karibu kabisa na betri, na waya ni mnene mara mbili.

Juzi nimemrudishia. Nilikaa kwenye kiti cha wateja kuanzia saa saba hadi saa kumi na mbili, kiboksi kikiwa kimoto, feni ikilia. Kila nusu saa nikachomeka woofer. Kila mara relei ilikata. Mara ya nne akanitazama kupitia kioo akauliza kama nimekuja kunyolewa au kumharibia muziki.