Namba za Kumfikia Mgonjwa

Parokia niliyofanyia mwaka wangu wa uchungaji iko mkoani Dodoma, na vigango vyake vimetawanyika mno. Huko hakuna jina la mtaa wala namba ya nyumba. Ukiulizia kwa mtu utaambiwa upite mbuyu wa pili, ushuke korongo, kisha uulize tena. Mchana hilo linawezekana. Usiku hakuna wa kumuuliza.

Kabla sijapangiwa huko, bibi mmoja alifariki bila Mpako wa Wagonjwa. Padre aliitwa saa tatu usiku, akaitafuta nyumba mpaka saa sita, na alipoipata waombolezaji walikuwa wamekwisha kukaa uani. Waumini walinisimulia habari hiyo bila kumlaumu mtu. Paroko ndiye hakuweza kuisahau. Wiki yangu ya kwanza alinikabidhi daftari, akaniagiza nizungukie nyumba za wazee na wagonjwa wote na kuandika latitudo na longitudo ya kila moja.

Mambo haya tuliyasoma shuleni, na wengi wetu tuliyaacha huko huko. Latitudo hueleza uko kaskazini au kusini mwa Ikweta kwa kiasi gani. Longitudo hueleza uko mashariki au magharibi kiasi gani mwa mstari unaopita Greenwich, Uingereza, ambao mataifa yaliukubali kuwa sifuri katika mkutano wa Washington mwaka 1884. Mji wa Dodoma uko karibu na nyuzi 6 na dakika 10 kusini, nyuzi 35 na dakika 44 mashariki. Dakika hizi si za saa. Kila moja ni sehemu ya 60 ya nyuzi.

Hata hivyo saa inahusika sana. Mabaharia wa zamani waliweza kupata latitudo kwa kupima kimo cha jua la adhuhuri. Longitudo iliwatesa. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo ukijua wakati wa hapo ulipo na wakati wa Greenwich papo hapo, tofauti yake inakupa longitudo. Lakini ni saa gani ingetunza majira katika meli inayoyumba miezi kadhaa? Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi hadi pauni 20,000 kwa atakayepata njia. Aliyetengeneza saa iliyofaa, ikajaribiwa katika safari ya Jamaica mwaka 1761, alikuwa John Harrison, aliyeanza maisha kama fundi seremala. (Sisi Wakristo tusishangae sana seremala akituonyesha njia.) Siku hizi simu hupokea mawimbi ya satelaiti na kulinganisha nyakati kwa namna yake, na huweza kukuambia ulipo hata kama huna bando.

Vijana wa parokia walionisaidia niliwasisitizia utaratibu wa kuandika. Latitudo hutangulia, na kwa kuwa tuko kusini, huwekewa alama ya kutoa: -6.17, 35.74. Ukisahau hiyo alama, padre anapelekwa kusini-magharibi mwa Ethiopia. Ukisahau alama na kugeuza namba pia, anaangukia Algeria, nchi ya Mtakatifu Augustino, lakini mgonjwa hayuko huko. Tarakimu nazo zina uzito. Ya pili baada ya nukta ni kama kilometa moja, na ya nne ni kama mita 11. Tulikubaliana kuandika hadi ya nne, ili dereva afike mahali ambapo mbwa watamsikia.

Kazi ngumu haikuwa kwenye simu. Mama mmoja, mjane, anayemuuguza mkwewe, alitukaribisha vizuri, akatupa uji, lakini alipoona nasoma namba akauliza, "Frateri, mkishapima mtakuja na mawe ya mipaka?" Nilimweleza, naye akasikiliza kwa heshima. Kisha akakataa. Sikuona kwamba ni ujinga. Namba zinazomleta padre zinaweza kumleta na mwingine, na mahali ambapo watu wengi hawana hati, ardhi iliyopimwa na mgeni inatia hofu. Tangu siku hiyo niliomba ruhusa kabla ya kutoa simu mfukoni, na Paroko akaliweka daftari katika kabati la sakristia lenye kufuli.

Makatekista waliongeza safu ya tatu niliyokuwa sikuifikiria: njia ya masika. Maana namba hukuonyesha nyumba ilipo, hazikwambii kwamba korongo limejaa na lazima uzungukie shuleni.

Nilipoondoka mwezi wa Juni, tulikuwa tumeandika nyumba 63. Ukurasa wa yule mama una jina la mkwewe, njia ya masika, na nafasi mbili tupu. Paroko alisema ziachwe hivyo. Katekista wa kigango chake ameombwa alale simu ikiwa imewashwa.