Mrusi Niliyemtunga

Niliandika kwamba Warusi ndio walioizima eCitizen. Sikuwa na ushahidi.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Julai 2023. Hapa Kitengela kununua tokeni za stima kulikuwa kazi, M-Pesa ilisuasua, na waliokwenda saiba kuomba cheti cha tabia njema walirudi mikono mitupu. Waziri Eliud Owalo alikiri kwamba mtandao wa eCitizen, wenye huduma zaidi ya 5,000 za serikali, umeshambuliwa kwa kufurikishwa maombi bandia. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijitangaza, likatoa na sababu: Kenya inaingilia mambo ya Sudan. Upande wa Jenerali Burhan, mkuu wa jeshi la Sudan, ulikuwa tayari umemkataa Rais Ruto kuongoza upatanishi wa IGAD, jumuiya ya kikanda, katika vita vya nchi hiyo.

Mshukiwa alijitaja mwenyewe. Mimi nikamtafuta mwingine.

Kampuni ya Truesec ya Sweden ilikuwa imedai tangu Februari kwamba kundi hilo lina mkono wa Urusi, na mkutano wa Putin na viongozi wa Afrika ulifunguliwa St Petersburg Julai 27, siku ambayo Owalo alizungumza; nikayaunga hayo mawili, nikafuta neno "huenda", nikapeleka makala. Na kuna jingine, ambalo naona haya kulisema: sikuamini kwamba Wasudani, nchi yao ikiwaka vita, wangeiweza kazi hiyo. Mwafrika mimi, mkazi wa Kitengela.

Mwalimu mmoja wa Kajiado alinipigia simu. "Mwandishi, wenyewe wamesema ni Wasudani. Huyo Mrusi umemtoa wapi?"

"Mwalimu, haya ni mambo ya wataalamu," nikamjibu. Mtaalamu nani? Mimi!

Oktoba 16, 2024, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan, mmoja wa miaka 22, mwingine 27, kwa kuendesha Anonymous Sudan. Niliisoma taarifa ndani ya matatu, tumekwama kwenye msongamano wa Athi River. Nikamtafuta Mrusi wangu kati ya washtakiwa. Hakuwamo. Nikaifungua makala yangu, nikaisoma polepole kama ya mtu baki. IGAD sikuitaja hata mara moja. Wasomaji wangu walikaa zaidi ya mwaka bila kuambiwa ugomvi wenyewe ulikuwa wa nini.

Mhariri aliniondoa kwenye habari za kimataifa. Mwalimu hajapiga simu tena. Makala ilipewa ukurasa mzima. Masahihisho yalipata mistari michache, chini ya matangazo ya ploti.