Mtoto Asiyeitika

Kwamsisi ni mahali katika nchi ya Wazigua, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Watu wake ni wakulima. Wengi hulima mahindi, na mvua ikikawia, hofu huingia nyumba zote. Katika vijiji vya namna hiyo watu hujuana. Mtoto akipotea njia, mtu wa kwanza akutanaye naye hujua ni wa mlango gani. Tena mtoto hujulikana tabia yake kwa salamu: mwenye adabu huwaamkia wakubwa, na akiitwa huitika. Kwa sababu hiyo mtoto asiyeitika huwa fumbo kwa watu, na mara nyingine huwa chuki.

Mfikirini, basi, mtoto mwanamume wa miaka saba katika nchi hiyo. Hapewi jina hapa, maana habari zake ni habari za watoto wengi. Alizaliwa mzima, akanyonya, akatambaa, akasimama kwa wakati wake. Hata alipopata miaka miwili, mama yake akaanza kuona mambo yaliyomtia wasiwasi. Alipomwita, hakugeuka, wala si kiziwi, maana punje za mahindi zilipomwagwa katika ungo chumba cha pili, alizisikia akaja mbio. Hakuwatazama watu machoni. Hakusema neno ila lile alilolisikia kwa mwingine, naye alilirudia mara nyingi kama mwangwi. Alipenda kupanga magunzi ya mahindi katika mstari mmoja, toka mlangoni hata jikoni, na mtu akiliondoa gunzi moja tu, alilia mpaka jua likachwa. Ngoma zilipopigwa, aliziba masikio akaingia uvunguni.

Majirani hawakukosa la kusema. Mmoja alisema mtoto amerogwa. Wa pili alisema mama alivunja mwiko alipokuwa na mimba. Wa tatu alisema ni kudekezwa tu, na dawa yake ni fimbo. Basi fimbo ikajaribiwa, mtoto akazidi kulia. Akapelekwa kwa mganga, mbuzi akatolewa, mtoto akachanjwa chale, hakubadilika. Baba akaona haya kutokea naye mbele ya watu. Mama naye akaacha kwenda arusini na matangani, na kila alipokwenda shamba alimfunga mtoto kamba mguuni, akaifunga ncha ya pili katika mguu wa kitanda. Hakufanya hivyo kwa kumchukia, bali kwa kuogopa asije akatoka na kupotea. Wazee husema mkono mmoja haulei mwana. Lakini mama huyu aliachiwa kulea kwa mkono wake mmoja.

Siku moja kamba ilikatika. Mama aliporudi jioni alikuta kitanda na kipande cha kamba tu. Akapiga yowe, na watu wakatoka, kwa maana hata waliomsengenya hawakuwa watu wabaya. Wakatawanyika mashambani na vichakani, wakiita jina la mtoto kwa sauti kuu. Hawakusikia jibu lo lote, na giza lilikuwa likiingia.

Dada yake, msichana wa miaka kumi, hakuita. Alikwenda moja kwa moja mpaka lambo ambalo ng'ombe hunyweshwa, akamwona ndugu yake ameketi ukingoni, miguu imo majini, anatazama mawimbi madogo. Hakumpigia kelele wala hakumvuta. Aliketi karibu naye, akaokota vijiwe vitatu akavipanga mstari. Mtoto akavitazama kitambo, akaongeza cha nne. Kisha dada akasimama akaenda mbele polepole, naye akamfuata mpaka nyumbani. Alipoulizwa amejuaje, alijibu, "Kila tukienda kuteka maji hataki kuondoka. Nami najua kwamba akiitwa haji."

Usiku ule mtu mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba pengine ingekuwa heri asingalionekana. Bibi ya mtoto akamsikia, akasema, "Nyamaza, mwanangu. Nimesikia kwa mama zangu habari za vigego."

Watoto wa siku hizi hawajui neno hilo. Zamani, katika Uzigua na Ubondei, na hata pwani, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliitwa kigego. Watu waliamini kwamba akiachwa aishi, atauletea ukoo wake maafa. Basi vigego waliuawa, au walitolewa kwa watu wengine. Na waliofanya hivyo ni wazazi waliowapenda watoto wao, ila hofu ilikuwa na nguvu kuliko mapenzi. "Na leo," akasema bibi, "meno ya juu yakitangulia, nani ashtukaye? Hofu ile ilikuwa ya bure, lakini waliokufa hawakurudi."

Swali la majirani si geni. Katika Injili ya Yohana imeandikwa kwamba wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza ni nani aliyefanya dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana Yesu akawajibu kwamba si yeye wala si wazazi. Wao walitafuta wa kulaumiwa, naye alimtendea yule mtu wema.

Hali ya mtoto huyu ina jina katika Kiswahili; huitwa usonji. Wataalamu wamejifunza kwamba usonji hutokana na namna ubongo unavyokua, na mara nyingi mwanzo wake ni kabla ya mtoto kuzaliwa. Sehemu kubwa hutoka katika urithi wa damu, kama vile kimo na sura. Hautokani na uchawi, wala mwiko, wala malezi mabaya, wala chanjo za hospitali, tena hauambukizi. Dalili zake kwa kawaida huonekana kabla mtoto hajatimiza miaka mitatu. Wenye usonji hawafanani wote: wengine husema vizuri na kusoma sana, wengine hawasemi kabisa, na wengine huhitaji kusaidiwa maisha yao yote. Wala si wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 alikuwa na usonji. Hakuna dawa ya kuuondoa. Lakini mafundisho yakianza mapema, na yakiwa ya subira, humsaidia mtoto sana.

Ili ijulikane kwamba maneno haya si faraja tupu, yafaa kusimulia habari za Donald Triplett. Alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, huko Marekani. Naye pia hakuitika alipoitwa, alipenda kuzungusha vitu, na kuhesabu kulimpendeza kuliko kucheza na wenziwe. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu, wazazi wake walishauriwa wampeleke mbali katika nyumba ya kulelea watoto. Wakampeleka, lakini baadaye wakamrudisha nyumbani. Kisha walimpeleka kwa daktari mmoja, Leo Kanner, katika mji wa Baltimore. Mwaka 1943 daktari huyo aliandika habari za watoto 11 wa namna hiyo, na Donald alikuwa wa kwanza katika hesabu yake.

Baadaye Donald alikaa kwa mkulima mmoja na mkewe, na hapo pana fundisho kwa kila mwenye shamba la mahindi. Donald alikuwa hachoki kuhesabu mistari ya mahindi. Wengine wangalimkemea, mkulima yule alimpa farasi na jembe la kukokotwa, akamwambia ahesabu mistari huku akilima. Donald alipenda kupima vitu. Mkulima akamfanya achimbe kisima na kutoa habari ya kina chake. Hivyo jambo lile lile lililoonekana upungufu likawa mlango wa kazi. Donald akaenda shule, akamaliza chuo, akafanya kazi katika benki ya mji wake miaka mingi, akajifunza kuendesha motokaa, akasafiri nchi nyingi. Alifariki mwaka 2023, mwenye miaka 89, katika mji ule ule alimozaliwa, ambamo watu walimjua na kumpenda. Si kila mwenye usonji atafika alikofika Donald. Lakini hata Donald hangalifika kama wazazi wake wangalimwacha kule walikompeleka.

Tanzania nayo haikukaa bure. Mwaka 2010 ilitungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, ambayo humpa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma kama wenziwe. Katika chuo cha Patandi, huko Arusha, hufundishwa walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Na katika mkoa huu huu wa Tanga, huko Irente karibu na Lushoto, Kanisa la Kilutheri lina shule iitwayo Rainbow, ambayo hufundisha watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji. Tena mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulikata shauri kwamba kila mwaka tarehe 2 Aprili watu wa dunia yote wakumbushwe habari za usonji. Walakini sheria na siku ya ukumbusho hazifungui kamba iliyofungwa nyumbani. Hiyo hufunguliwa na watu wa nyumbani na jirani zao.

Basi jirani wafanye nini, na wanafunzi wafanye nini? Wasimcheke, wala wasimpige. Wakitaka kusema naye, wasipige kelele kwa mbali, bali wamkaribie, waseme maneno machache, wamwonyeshe kwa mkono au kwa picha. Kazi ikitaka kubadilika, wamwarifu mapema. Kelele zikimzidia, wamwache akae mahali pa kimya. Watazame anapenda nini, kama dada yake alivyotazama, na waanzie hapo. Na mama yake akitaka kwenda shamba au kanisani, mtu akae na mtoto kwa zamu, ili mzigo usimlemee mmoja.

Mtoto kama huyu akipokewa shuleni, pengine ataketi karibu na mlango, na mwaka wa kwanza utakwisha bila yeye kusema salamu. Lakini atapanga madaftari ya darasa zima sawasawa, wala hataruhusu moja lipotee. Wenziwe wakizoea, hawatamwita tena kwa mbali. Watakwenda mbele yake na kunyosha mkono, naye siku moja ataushika. Na mama yake atakapokwenda shamba asubuhi, ile kamba itabaki kwa kufungia kuni.