Kutoka Zawadi ya Aproni hadi Tovuti Iliyofungwa

Wahandisi wengi waliohitimu miaka ya karibuni hawajawahi kushika kitabu cha majedwali ya mvuke, yaani safu za namba zinazoonyesha halijoto, kanieneo, ujazo na nishati ya maji na mvuke wake, na wapo wanaodhani kwamba namba hizo zilizaliwa kwenye intaneti.

Asili ya baadhi ya vitabu vya namba haikuwa ya kitaaluma tupu. Mjini Cleveland, Marekani, Arthur Friedman alianza mwaka 1900 kuuza aproni za mpira za kuvaliwa maabara, kisha yeye na nduguze, Leo na Emanuel, wakaanzisha Chemical Rubber Company. Ili wateja wanunue kwa wingi, aliyechukua dazeni ya aproni alipewa kijitabu cha kurasa 116 chenye namba za kemia na fizikia. Mwaka wa zawadi hiyo hutajwa kuwa 1913 au 1914, tofauti isiyomnyima mtu usingizi. Aproni zilisahauliwa, lakini kijitabu kilinenepa toleo baada ya toleo hadi kikapita kurasa elfu mbili, na wanakemia wakakiita Biblia ya Mpira. Muuza aproni huyo alikuwa ametambua jambo ambalo watunga bajeti wa baadaye hawakulitambua, kwamba mtu wa maabara huhitaji namba kila siku kama anavyohitaji vazi la kazi.

Katika vyuo vilivyofuata mapokeo ya Kiingereza, Afrika Mashariki ikiwamo, kilichotawala ni kijitabu chembamba cha majedwali ya mvuke cha Rogers na Mayhew. Nakala zilizokaa karakana zilinuka mafuta ya mashine, na ukurasa wa maji yanayochemka ulikuwa mweusi kwa alama za vidole kuliko kurasa nyingine zote. Jedwali lilionyesha kwamba kwenye bar 10 maji huchemka karibu nyuzi 180 za Selsiasi, na kwenye bar 11 karibu nyuzi 184. Aliyetaka jibu la bar 10.5 alikadiria mwenyewe thamani iliyo kati ya mistari hiyo miwili, akapata takriban 182, na kwa kufanya hivyo akajua namba zinavyopanda na jibu lipi haliwezi kuwa kweli. Waliokokotoa mvuke wa Olkaria, nchini Kenya, ambako mtambo wa kwanza wa jotoardhi ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, walihitaji safu hizohizo.

Mabadiliko yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, iliyoanzishwa mwaka 1901 kwa jina jingine, ilifungua mwaka 1996 tovuti ya data za kemia iitwayo WebBook, ambamo yeyote aliweza kuchagua kimiminika au gesi, kuandika halijoto na kupewa jibu bila malipo. Ilikuwa neema kubwa, hasa kwa maktaba zisizoweza kununua matoleo mapya, na vitabu vikaanza kuondolewa rafuni kana kwamba kazi yao imekwisha.

Mwezi Oktoba 2013 Bunge la Marekani lilishindwa kupitisha fedha za matumizi, wafanyakazi wengi wa serikali wakarudishwa nyumbani kwa siku 16, na tovuti za NIST zikafungwa. Kati ya Desemba 2018 na Januari 2019 serikali ilisimama tena, safari hiyo kwa siku 35, na nyingi ya tovuti hizo hazikupatikana. Inaudhi kwamba namba zilizokwisha kupimwa, zisizohitaji kupimwa upya kila asubuhi, zilifungiwa pamoja na ofisi, na kwamba mtumiaji aliye nje ya Marekani hakuwa hata na mbunge wa kumlalamikia.

Idara za uhandisi zilizogawa vitabu vyao ili kupata nafasi ya kompyuta zinapaswa kurudisha walau nakala chache rafuni, kuhifadhi data muhimu kwenye kompyuta zao wenyewe, na kuwafundisha tena wanafunzi kusoma jedwali kwa penseli.