Maji ya Mlima Wetu na Lulu za Ghuba



Alhamdulillah, katika ziara ya mwaka huu sisi wanafunzi wa madrasa tulikwenda Pangani. Tuliondoka Moshi baada ya swala ya alfajiri, tukapita Same, Mombo, Korogwe na Muheza, na tulipofika alasiri ilikwisha ingia. Tulikuwa hoi, lakini tulipouona mto uchovu ulitutoka. Maji yale ni ya kwetu. Yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanakusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yanateremka mpaka Bahari ya Hindi, mwendo wa kilomita 500 hivi.

Pangani ni mji wa mchanganyiko. Tuliona nyumba za mawe za Waarabu, maduka ya zamani ya Wahindi na boma lililotumiwa na Wajerumani. Wapo Wazigua, Wabondei na Wasegeju, watu wenye asili ya Oman na Bara Hindi, na wajukuu wa watu wa bara waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Mkonge wenyewe ulianza ng'ambo ya mto, Kikogwe, mwaka 1893, kwa miche 62 tu iliyopona safari ndefu kutoka Marekani. Wote hawa wanasalimiana kwa Kiswahili kimoja.

Jioni, ustadhi wetu wa tarekhe alitukalisha ukingoni akatuuliza, "Nani anajua lulu?" Mwenzetu mmoja akajibu kwamba imetajwa katika Surat Rahman pamoja na marijani. Ustadhi akasema, "Ahsante. Na nani aliyezama kuitafuta?" Tukanyamaza.

Ndipo akatueleza. Karne ya 19 misafara ilikuwa ikipanda kutoka Pangani hadi Uchagani kutafuta pembe na watu. Watawala wa huku kwetu nao walishiriki: Mangi Rindi wa Old Moshi, aliyefariki mwaka 1891, alifanya biashara hiyo na watu wa pwani. Mateka wengi waliishia katika mashamba ya miwa ya Pangani au ya karafuu Unguja na Pemba. Wengine walipakiwa majahazini mpaka Oman na Ghuba, na magendo hayo yaliendelea hata baada ya Sultani Barghash kuipiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1873.

Huko Ghuba, baadhi yao walifanywa wapiga mbizi. Mtu alibana pua kwa kibanio, akafungwa jiwe mguuni, akashuka kuokota chaza mpaka pumzi imwishie, kisha akavutwa juu kwa kamba. Alishuka hivyo mara nyingi kwa siku, msimu mzima wa joto. Fedha za lulu zilikwenda kwa bwana wake. Biashara ile ilianguka kuanzia mwaka 1930 hivi, kwa sababu ya mdororo wa uchumi wa dunia na lulu za kufugwa za Japani. Hadi leo wapo raia wa nchi za Ghuba ambao asili yao ni Afrika Mashariki.

Mwenzetu mmoja alikasirika. "Ustadhi, waliouza na walionunua wengi walikuwa Waislamu. Kwa nini tuyafukue? Si tunajiaibisha?" Wengine tuliona amesema kweli. Ustadhi hakumkemea. Alimwambia, "Mwanangu, aibu ni kutenda dhuluma, na kuificha ni dhuluma ya pili." Kisha akatukumbusha Surat Balad, ambamo kumwacha huru mtumwa kumefananishwa na kukipanda kipito kigumu cha mlimani. "Ninyi watoto wa Kilimanjaro," akasema, "ndio wa kuielewa aya hiyo kabla ya watu wengine."

Tuliijadili kauli hiyo mpaka usiku. Tulikubaliana kwamba hatuwezi kumrudisha hata mmoja wa waliochukuliwa, lakini tunaweza kuwaombea. Tena, wapo leo wanaoteremshwa mlimani wakiwa wadogo, wakafanye kazi za ndani mijini bila shule na bila mshahara. Kipito hicho bado kipo mbele yetu.

Ndugu wasomaji, mkijaaliwa, nanyi nendeni Pangani. Ukifika ukingoni, waombee waliopita hapo wamefungwa. Kisha ukirudi nyumbani, mtazame binti anayewachotea maji, umuulize anasoma wapi.

Wabillahi tawfiq.