Kustaafu mwisho wa reli: Wazazi wetu na maisha ya kando ya Ziwa Tanganyika

Kigoma. Wapo wastaafu wa Marekani na Canada ambao kila baridi inapoanza kwao hufunga nyumba na kuhamia Mexico, kando ya Ziwa Chapala, wakakaa juani mpaka theluji iishe. Mstaafu wa Kigoma hana theluji ya kukimbia. Anachokimbia ni gharama za mjini. Anachofuata ni kwao: ndugu, makaburi ya wazazi, shamba la michikichi na ziwa alilojifunzia kuogelea.

Watu huiita Kigoma mwisho wa reli. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Kwa miaka mingi treni hiyo imewachukua vijana wakitafuta kazi na kuwarudisha wakiwa na mvi.

Si wote wanaorudi moja kwa moja. Wapo wanaogawa mwaka. Mvua zinapoanza, Oktoba au Novemba, wanakuwa Kigoma kusimamia muhogo na maharage. Kiangazi kikiingia, wanakwenda kwa watoto Dar es Salaam au Mwanza, wanaona wajukuu na kuhudhuria kliniki.

Kwa mtoto aliye mbali, picha ya baba amekaa kwenye kiti akitazama ziwa hutuliza moyo. Mzee amepumzika, anapata upepo. Lakini ziwa halipimi presha wala halimkumbushi mtu kumeza dawa. Kama mzee ataishi vizuri au la, inategemea zaidi mtaa anaoishi, chakula anachokula, umbali wa kituo cha afya na kama kuna mtu atakayegundua asipotoka nje.

Ujiji kuna baraza, Kigoma kuna mlima

Manispaa ni moja, Kigoma Ujiji, lakini kwa magoti ya mzee hii ni miji miwili.

Ujiji ni mji wa zamani. Hapa ndipo njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipoishia, na ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Nyumba zimekaribiana, misikiti iko jirani, na ardhi ina tambarare zaidi. Mzee akitoka swala ya alfajiri anapita kwa muuza kahawa, anasalimiwa "Mwakeye" na wenzake wa Kiha na "Shikamoo babu" na watoto wanaokwenda shule. Jioni kuna bao. Asipoonekana barazani siku mbili, mtu atabisha hodi kwake.

Kigoma mjini ni milima. Kutoka Mwanga kushuka hadi stesheni na bandarini ni mteremko, na kurudi ni kupanda. Kwa mwenye nguvu hayo ni mazoezi mazuri. Kwa mwenye maumivu ya goti au moyo uliochoka, mlima huo unaweza kumfungia ndani. Kwenda sokoni kunakuwa kwa bodaboda, kisha kunaachwa kabisa.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, wakiwamo wazee, wafanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Hiyo ni kama nusu saa ya kutembea kwa siku tano. Kwa hiyo, kabla ya kusifia nyumba yenye mandhari ya ziwa juu ya mlima, jiulize mzazi ataipanda vipi akifika miaka 75.

Sahani ya Kigoma

Chakula cha huku kina mengi ya kumfaa mzee. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao humpa protini na madini ya chokaa. Mgebuka wa kuchoma hauhitaji mafuta mengi. Kuna maharage, mboga za majani na maembe.

Tatizo liko kwenye vipimo. Ugali wa muhogo ni wanga mwingi, na mwenye kisukari akila bonge lilelile alilokuwa akila akiwa kijana shambani, sukari itapanda. Mawese yana viini vya vitamini A, lakini karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayoongeza lehemu mbaya mwilini. Kijiko kimoja au viwili kwenye sufuria ya familia vinatosha, badala ya mchuzi kuelea.

Kisha kuna chumvi. Uvinza, ndani ya mkoa huuhuu, imekuwa ikitoa chumvi tangu kabla ya ukoloni, na mkono wa mpishi wa Kigoma si mwepesi. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, takribani kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa ya kwenye mboga, samaki wa chumvi na kachumbari.

Samaki nao wana msimu wao. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo siku za mbalamwezi huadimika. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Anayemtumia mzazi fedha za matumizi akumbuke miezi ya namna hiyo, kwa kuwa kitoweo hupanda bei.

Wajukuu wanapokuja likizo

Likizo ya katikati ya mwaka huangukia kiangazi, na ndipo wajukuu wanapojaa kwa babu na bibi. Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu, na mtoto wa Dar es Salaam hawezi kuzuiwa kuyaingia. Hata hivyo, mwambao huu una kichocho cha tumbo. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na matete, na hupenya ngozi bila mtu kuhisi.

Mtoto asiogelee kwenye matete wala kwenye ghuba zilizotulia. Maji ya kuoga yaliyochotwa ziwani yakihifadhiwa kwenye chombo kilichofunikwa kwa siku mbili, vimelea hivyo hufa. Ya kunywa yachemshwe. Mtoto akirudi nyumbani na baada ya wiki kadhaa akalalamika tumbo au akapata choo chenye damu, mwambie daktari kwamba alikuwa Kigoma. Dawa ipo na inatibu. Hali hiyohiyo inamhusu babu anayeoga ziwani kila siku, kwani kichocho cha miaka mingi huharibu ini.

Malaria nayo isisahauliwe. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017, Kigoma iliongoza kwa maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano, karibu mmoja kati ya wanne. Kila kitanda kiwe na chandarua chenye dawa, pamoja na godoro la wageni.

Kiinua mgongo kisizame ziwani

Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60. Kiinua mgongo kikitoka, wazo la kwanza kwa wengi ni nyumba, na kwa Kigoma ni nyumba karibu na maji.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wapo walioiona kama usumbufu. Kisha ziwa likapanda. Mwaka 2024 maji yalivamia makazi na maeneo ya biashara mwambaoni, yakiwamo ya Kibirizi na Katonga. Kijana akipoteza nyumba anaweza kuanza upya. Mwenye miaka 68, ambaye mkupuo wake wote uko kwenye matofali hayo, hana pa kuanzia.

Umbali wa matibabu nao uhesabiwe kabla ya kuchimba msingi. Anayeishi Ujiji au Mwanga anaifikia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, kwa bajaji. Anayerudi vijiji vya kaskazini kama Mwamgongo au Kagunga anategemea zaidi boti za Kibirizi, na upepo wa kiangazi ukivuma ziwa huchafuka. Mtu akipinda mdomo, akalegea mkono au akashindwa kutamka maneno, huenda ni kiharusi, na kila saa inayopita inaua sehemu ya ubongo.

Mstaafu aliyekuwa mwanachama mchangiaji wa NHIF huendelea kutibiwa yeye na mwenza wake, hivyo kadi zao zihakikiwe mapema. Kwa mzee ambaye hakuwahi kuajiriwa na hana uwezo, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaelekeza watu wa miaka 60 na zaidi watibiwe bila malipo. Anzeni kwa mtendaji wa mtaa.

Simu ya Jumapili

"Mzee hujambo?" hujibiwa "Sijambo" hata na aliyelala njaa. Maswali madogo huleta majibu ya kweli. Presha ilisoma ngapi mara ya mwisho? Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara, arudi kliniki. Dawa zimebaki za siku ngapi? Jana ulikula nini? Barazani mlikuwa nani na nani?

Chukua pia namba za watu wawili wa jirani, mmoja mwenye bajaji au bodaboda na mwingine anayeamka mapema. Wakati wa uhakiki wa pensheni, mzee asiyejua simu janja asiachwe peke yake. Na ukienda likizo, beba mashine ya kupimia presha, kaa naye siku tatu mfululizo mkipima pamoja asubuhi na jioni, na uandike namba hizo kwenye daftari atakalokwenda nalo kliniki.